Risasi Tano za Afande

Mwenyekiti, wazee wetu, dada zangu, na shemeji zangu ninaowaona kule nyuma mmelizingira sinia la sambusa: habari za jioni. Itifaki imezingatiwa. Nimepewa dakika ishirini na tano na mwenyekiti ameshaangalia saa mara mbili.

Mimi ni mhasibu. Wengi wenu mnanijua kwa mambo ya kodi, hasa ikifika Aprili. Lakini miaka hii ya karibuni simu zenu zinaanza na kodi zinaishia kwenye bastola. "Kaka, nimeshanunua, nimeshasajiliwa kwenye darasa, sasa ninunue boksi ngapi za risasi kwa mwaka?" Nami huuliza: za kufanyia nini? Hapo simu inanyamaza, halafu mtu anasema network inasumbua.

Basi leo nitalijibu swali hilo mbele ya watu wote, ili Aprili ijayo tuongelee kodi tu.

Nianzie mbali kidogo. Mwaka 1991 nilikuwa JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, kwa mujibu wa sheria. Waliopita huko najua mmeshaanza kutabasamu. Kabla ya siku ya kulenga shabaha, wiki kadhaa hatukuona risasi hata moja. Tulilala kifudifudi kwenye majani yenye umande, bunduki tupu begani, na afande akipita nyuma yetu na sarafu ya shilingi moja. Anaiweka juu ya mtutu, karibu na kilengeo cha mbele, anasema: "Bonyeza." Ukibonyeza kwa pupa shilingi inaanguka, na wewe unainuka kwenda kuzunguka uwanja. Ikibaki, anaiokota bila neno, anakwenda kwa mwenzako. Siku ya shabaha yenyewe tulipewa risasi tano kila mmoja. Tano! Na maganda matano yalirudishwa yakahesabiwa. Ganda moja lilipopotea, platuni nzima ilipekua majani kwa vidole mpaka likaonekana.

Leo niko Houston. Naingia dukani, naweka kwenye toroli boksi la risasi 1,000 pembeni ya mkaa wa kuchomea nyama, na msichana wa kaunta ananitakia siku njema. Afande alikuwa na risasi chache na kazi nyingi. Sisi tuna risasi tele, na kazi ya kuzipa hatunayo.

Nikiri kosa langu kwanza, maana ni kosa la mhasibu na linaniuma mpaka leo. Mwaka 2016, kabla ya uchaguzi, kila mtu alikuwa anasema risasi zitapigwa marufuku au zitapanda bei. Na mimi nikaogopa. Nikanunua 2,000 za milimita 9 kwa senti 25 moja, dola 500 taslimu, nikazipanga sakafuni gereji. Uchaguzi ukapita, woga ukapungua, bei ikashuka. Kufika kiangazi cha 2017 risasi zilezile nilikuwa naziona kwa senti 18. Nikajifariji kwamba angalau ninazo. Agosti kikaja kimbunga Harvey, na wote mliokuwepo hapa mnakumbuka maji yale. Gerejini kwangu yalifika magotini. Risasi zangu, mabati ya rangi, na kitanda cha mtoto, vyote vikaogelea pamoja.

Mtu akaniambia nizianike juani. Ndugu zangu, risasi si dagaa. Risasi ya dukani iliyolala majini siku tatu huwezi kujua baruti yake iko hali gani. Inaweza kutoa mlio mdogo kama kikohozi, kichwa cha risasi kikasafiri mpaka katikati ya mtutu kikakwama hapo, na wewe kwa haraka ukafyatua ya pili nyuma yake. Mtutu unapasuka ukiwa mkononi mwako. Zote nilizipeleka kwenye uwanja mmoja wa shabaha wenye ndoo ya risasi mbovu, nikazimimina. Dola 500. Katika hizo zote nilikuwa sijafyatua hata mia.

Kilichonikera zaidi ya mafuriko ni kwamba hata kusingekuwa na mafuriko, zile risasi hazikuwa na mpango. Nilinunua woga, nikauweka sakafuni.

Sasa nawaelezeni ninavyofanya siku hizi. Desemba, kabla sijafungua tovuti yoyote ya bei, nachukua kalenda ya ukutani. Nafuta kwanza miezi ambayo najua sitakwenda uwanjani. Aprili ni yenu. Mwezi mwingine mmoja huwa nakwenda Tanga kumwona mama. Inabaki miezi kumi. Kila mwezi nitakwenda uwanjani mara moja. Hiyo mara moja inatosha, kwa sababu mazoezi yenyewe hayako uwanjani. Yako nyumbani, dakika kumi, siku tatu kwa wiki, bastola ikiwa tupu. Sisi kwenye kikundi chetu tunayaita mazoezi makavu, na hayagharimu hata senti.

Hapa ndipo nitakapokaa kidogo, kwa sababu yanaua pia yakifanywa ovyo. Risasi zote, hata iliyomo kwenye magazini ya akiba, zinatoka kwenye chumba unachofanyia mazoezi. Zinakwenda chumba kingine na mlango unafungwa. Unaangalia chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa, kwa macho, unaigusa kwa kidole, unaangalia tena. Unalenga upande ambao, hata ukiwa umekosea mara zote tatu, risasi haitamkuta mtu; ukuta wa chumba cha watoto hapana, na huku Texas kuta nyingi ni mbao nyepesi na jasi tu, risasi inapita kama sindano kwenye khanga. Na ukimaliza, unasema kwa sauti: "Mazoezi yamekwisha." Mke wangu alikuwa ananicheka kwa hilo. Lakini ajali nyingi za namna hii hutokea baada ya mazoezi, mtu ameshairudishia risasi, halafu anasema, "Ngoja nijaribu mara moja ya mwisho." Ukishatamka yamekwisha, hakuna ya mwisho.

Sasa uwanjani. Natoka nyumbani na risasi 100, si boksi zima la 1,000 kwenye buti la gari. Kumi za kwanza nazipiga nikiwa baridi kabisa, sijajizoeza, sijavuta pumzi: yadi 7, sahani ya karatasi ile ya pilau la harusi. Nahesabu zilizoingia, naandika kwenye daftari na tarehe. Hicho ndicho kipimo changu cha mwaka. Watu wanapenda kupiga picha ya karatasi yao ya mwisho, mkono umeshapata moto. Mimi nataka kujua ya kwanza, kwa sababu jambazi hatakusubiri upate moto.

Arobaini zinazofuata ni za ugonjwa wangu wa mwezi huo. Na ugonjwa wa watu wengi ni mmoja. Kuna dada mmoja hapa, muuguzi, ameniruhusu niseme bila kumtaja. Risasi zake zote zilikuwa zinakwenda chini kushoto. Amebadilisha kilengeo, amebadilisha bastola, amenunua risasi za bei ghali. Siku moja nikamwomba magazini yake, nikampa mgongo, nikachanganya risasi bandia za plastiki katikati ya zile za kweli bila yeye kujua ziko wapi. Akafyatua: pa! Ya pili: pa! Ya tatu ilikuwa bandia. Hakukuwa na mlio, lakini mdomo wa bastola uliinama kama kuku anayedonoa. Yeye mwenyewe akaona. Alikuwa anausubiri mshindo na kuusukuma kabla haujaja. Akakaa kwenye benchi akacheka mpaka machozi, akasema, "Kaka, nimetumia dola mia sita nikiisalimia ardhi."

Risasi bandia zile ni kama dola 15 kwa pakiti, na zinadumu miaka. Tangu siku hiyo kwenye kila ziara anatumia nusu ya risasi alizokuwa anatumia zamani.

Zinazobaki nazigawa kwa mkono mmoja mmoja, na za mwisho 20 nazipeleka mbali, yadi 15, ambako uongo wote unaonekana. Kufyatua kwa haraka au kuchomoa kutoka kiunoni viwanja vingi vya ndani hawaruhusu, na wana haki. Hayo nafanya nyumbani, makavu. Kuna siku nikifika ya sitini mikono inachoka. Nafunga begi narudi na 40. Hazijapotea, zimehamia mwezi ujao. Nyingine zote nikizifyatua kwa uchovu nitakuwa najifunza kukosa.

Mara mbili kwa mwaka najipa mtihani wa jimbo, ule wa leseni ya kubeba. Wengi mnaujua: risasi 50, yaani 20 kwa yadi 3, 20 kwa yadi 7, na 10 kwa yadi 15, alama 250, kufaulu ni 175. Tangu Septemba 2021 Texas mtu mwenye sifa anaweza kubeba bastola bila leseni hiyo, kwa hiyo kuna vijana kati yetu ambao hawajawahi kupimwa na mtu yeyote. Sisemi sheria ni mbaya wala nzuri, mimi ni mhasibu. Nasema boksi moja la risasi 50 na karatasi ya shabaha vitakuambia kitu ambacho rafiki yako hatakuambia.

Haya, sasa hesabu, na mwenye kalamu aandike. Ziara kumi mara 100 ni 1,000. Mitihani miwili, 100. Darasa moja la siku moja na mwalimu wa kweli, 300. Jumla 1,400 za milimita 9. Nimeziwekea senti 25 moja, zile za kawaida za mazoezi: dola 350. Risasi ndogo za .22 nazo 1,000 kwa senti 8: dola 80. Kisha zile za kujilinda, zenye tundu kichwani, boksi mbili za 25 kwa dola 30 kila moja: dola 60. Hizi nazinunua kila mwaka, kwa sababu zilizokaa kwenye bastola mwaka mzima, zikatolewa na kurudishwa chemba mara mia, nazifyatua uwanjani Januari. Hapo naangalia pia kama bastola yangu inazila bila kukwama. Jumla ya risasi ni dola 490. Kodi ya mauzo hapa Houston ni asilimia 8.25, tuite dola 40. Tumefika 530.

Watu wengi wanaishia hapo, wanafunga daftari. Ada ya uwanja je? Kwangu dola 22 kila ziara, mara kumi: 220. Darasa 200. Karatasi za shabaha, mafuta, brashi na vizibo vya masikio: 60. Jumla kuu dola 1,010, yaani kama 84 kwa mwezi. Risasi ni zaidi kidogo ya nusu tu. Nimekutana na ndugu ambao wamejaza kabati la risasi, halafu hawana hela ya kulipia uwanja. Ni sawa na mtu aliyenunua magunia ya mbegu akasahau kukodi shamba.

Naona mzee wetu ananiangalia kwa jicho la "hizo .22 zinatoka wapi." Kweli, zinahitaji bastola yake. Haipigi teke, mkono unajifunza bila woga, na mtoto wa kike wa miaka kumi na nane anajifunza nayo vizuri zaidi kuliko na hii kubwa. Lakini msidanganywe kwamba inajilipa mara moja. Tofauti ya bei ni senti 17 kwa risasi. Bastola ya dola 340 inahitaji risasi 2,000 kabla haijarudisha gharama yake. Kwangu hiyo ni miaka miwili. Kwa mtu wa ziara nne kwa mwaka, ni miaka mitano: aiache. Na wale wa kujaza risasi wenyewe kwa mashine mezani, hayo ni mapenzi, hatuyawekei bajeti.

Dada mmoja ameniandikia swali kwenye karatasi: "Na mwenye dola 400 tu kwa mwaka?" Swali zuri kuliko hotuba yangu. Ziara sita, risasi 50 kila moja: 300, dola 75. Uwanja 132. Za kujilinda, 60. Karatasi na vizibo, 30. Kodi ya mauzo, kama 14. Hapo ni 311. Zinabaki dola 89, na hizo usinunulie risasi. Tia kwenye kibubu, mwakani ziwe karibu nusu ya ada ya darasa. Mtu wa risasi 300 zenye kazi, anayefanya mazoezi makavu mara tatu kwa wiki, mimi simshindi.

Kuhusu kununua kwa wingi nitasema kwa ufupi. Upungufu huja, nimeuona mara mbili. Baada ya mauaji ya shule ya Sandy Hook, Desemba 2012, risasi za .22 zilipotea madukani muda mrefu sana, watu wakapanga foleni alfajiri kama tulivyokuwa tunapangia sukari miaka ya themanini. Kisha 2020: janga, maandamano, na zaidi ya watu milioni 8 walionunua bunduki kwa mara ya kwanza kwa makisio ya chama cha wafanyabiashara wa silaha, mwaka huohuo kampuni ya silaha na risasi ya Remington ikafilisika, na Septemba 2021 Marekani ikazuia vibali vipya vya kuingiza risasi za Urusi, zilizokuwa za bei ya chini. Risasi ya senti 18 iliuzwa kwa senti 70, hata dola nzima. Kwa hiyo weka akiba ya mpango wako wa mwaka mmoja mbele. Wa mwaka mmoja, si wa vita vya tatu vya dunia. Akiba hiyo ikae kwenye kopo la chuma lenye mpira wa kuzuia unyevu, juu ya rafu, ndani ya nyumba palipo na kiyoyozi, pamefungwa. Mnajua kwa nini nasema juu ya rafu. Na kumwachia mtoto chini ya miaka 17 njia ya kuifikia silaha yenye risasi ni kosa la jinai hapa Texas, achilia mbali maumivu yake.

Nyumbani pia mnarudi na kitu ambacho hamkukinunua: risasi ya madini, yaani ledi. Imo kwenye vichwa vya risasi, na imo kwenye fataki, kile kidonge cha nyuma kinachogongwa na pini. Ukifyatua inapanda hewani, inakaa kwenye mikono, ndevu na mtandio. Usile sambusa uwanjani. Nawa kwa sabuni na maji baridi kabla ya kushika usukani, viatu viache mlangoni, shati liende kwenye mashine peke yake. Mtoto anayetambaa kwenye kapeti ndiye anayelipa. Na mama mjamzito asiende kabisa, mazoezi makavu yanamtosha.

Jambo la mwisho nalisema polepole, kwa sababu limewagusa watu wetu. Sheria ya nchi nzima hapa haimkatazi bunduki tu mtu asiyeruhusiwa, inamkataza na risasi. Mwenye kadi ya kijani anaruhusiwa kama raia. Lakini mwenye viza ya muda, ya masomo, ya matembezi, ya kazi, kwa kawaida haruhusiwi, isipokuwa awe ndani ya vighairi vichache kama leseni halali ya uwindaji. Na "kumiliki" kwa sheria hiyo ni pamoja na kushika kwa dakika moja. Mpwa wako amekuja juzi na viza ya mwanafunzi, unampeleka uwanjani apige picha za kuwatumia wenzake Dar, anaziweka mtandaoni na jina lake kamili. Umemtengenezea ushahidi kwa mikono yako. Mpeleke akaone bahari ya Galveston.

Na begi la uwanjani halisafiri. Nunueni begi ambalo haliwezi kuwa begi la nguo hata kwa bahati mbaya; langu ni la rangi ya machungwa, baya kweli. Mwaka 2024 Wamarekani kadhaa walikamatwa Turks and Caicos, visiwa vya karibu na Karibiani, kwa risasi zilizosahaulika kwenye mabegi yao, na sheria ya huko wakati ule ilikuwa na kifungo cha chini cha miaka 12. Uwanja wa ndege wa Mwalimu Nyerere nako hakuna atakayekuelewa ukisema ilikuwa ya mazoezi. Mimi kabla ya safari ya Tanga nakung'uta kila mfuko wa kila sanduku juu ya shuka jeupe. Mwaka juzi kilidondoka kitu kikalia kwenye sakafu. Moyo ulisimama. Ilikuwa kokwa ya tende.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nimekuja na bastola ya mazoezi ya plastiki ya bluu, haina tundu wala haiwezi kupokea risasi, na hii hapa ni robo dola. Shilingi ya afande sina, aliondoka nayo. Kila mtu atapita mbele, nitaiweka juu ya mtutu, atabonyeza mara kumi, na nitaandika ngapi zimebaki bila kuanguka. Wale wa karibu na sambusa tunaanza na ninyi. Futeni mafuta mikononi kwanza.